Lebo Niliyoibandika Mara Mbili

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Siyo yote. Kwa ambaye gazeti lilimpita: kweli shule niliyokuwa nafundisha ilifungwa. Kweli nilihamia kwa dada yangu na mabegi mawili. Kweli nilipata kazi kwenye ofisi moja ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la makochi, ambako kutwa tunatazama video za watu mtandaoni na kuamua ipi imepigwa na mtu na ipi imetengenezwa na akili bandia. Ya bandia tunaibandika lebo nyekundu: HII SI VIDEO HALISI. Ikishabandikwa, mtandao unaichuja. Haiwafikii watu wapya, na wachache wanaoiona wanaipita wakicheka.

Kweli pia kwamba nilimbandika lebo hiyo mwanamke mmoja aliyekuwa anaonyesha ufa chini ya ngazi za jengo la mafundi cherehani. Na kweli kwamba kesho yake ngazi zile zilianguka, dada yangu akiwa juu yazo na kichwa cha cherehani mikononi.

Uongo uko hapa. Niliandika kwamba nilibonyeza mara moja, kwa haraka, bila kujua ni jengo gani. Nilibonyeza mara mbili. Mara ya pili nilijua.

Wengi mmeniandikia kunipa pole. Mmoja alisema, "Usijilaumu, dada, wewe ulikuwa unatumwa na mashine tu." Barua hiyo nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati. Kwa hiyo leo naanza upya, tangu Jumanne ile.

Jumanne asubuhi msimamizi wetu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Tunamwita Bwana Asilimia, maana hata ukimjulia hali anakujibu kwa hesabu.

"Mwalimu," aliniita. Pale ofisini jina langu ndilo hilo, kwa ajili ya kazi yangu ya zamani. "Uko tisini na moja. Wenzako wako tisini na sita."

"Za jana zilikuwa ngumu, bosi."

"Ngumu kwa wote. Wewe unafikiri sana. Sekunde kumi na mbili, unaamua, unasonga mbele. Ukishuka chini ya tisini mimi siwezi kukutetea."

Akaenda zake. Video iliyofuata ilikuwa ya yule mama.

Alikuwa amejipiga mwenyewe, simu ameinyoosha mbele, ndani ya kijichumba chenye mafagio na ndoo. Juu ya kichwa chake tumbo la ngazi za zege, na ufa ambao ungeweza kuingiza vidole. Sauti ilikuwa nzito, maneno yanaburuzika. Mdomo ulisogea upande mmoja tu. Jicho moja lilipepesa, la pili lilibaki limekodoa.

Mwongozo wetu umebandikwa ukutani na mimi nimeukariri neno kwa neno. Midomo isiyoendana na sauti. Macho yasiyopepesa pamoja. Upande wa uso usiokuwa na uhai.

Vyote vitatu nilivikuta. Nikabandika. Sekunde saba. Nikajiona hodari.

Jumatano tulikuwa tunakunywa chai, mimi, dada na shemeji. Shemeji ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, na wakati wa chai hata hayo machache huyameza pamoja na mkate. Dada alinisogezea simu.

"Hebu nisaidie, wewe mjuzi wa mambo haya. Huyu ni Mama Funguo, mfagizi wa jengo letu. Jana video yake ilitutia hofu, tukaanza kushusha vyerehani chini. Jioni mwenye jengo akaja na simu mkononi, akatuambia tusome lebo wenyewe. Anasema kuna mtu ameiba sura ya Mama Funguo akatengeneza uongo."

Nilitazama. Jicho lile lile.

"Uso wake uko hivi kweli?" niliuliza.

"Uko hivyo tangu mwaka juzi. Ulipooza upande mmoja."

Chai ilinipalia. Shemeji akanigonga mgongoni.

"Kwa nini msimuulize mwenyewe?"

"Tumuulizie wapi? Kafukuzwa jana ile ile, simu yake haipatikani. Na stoo ya chini ya ngazi mwenye jengo kaitia kufuli jipya. Sisi tunaona plasta tu kwa juu, safi kabisa." Alifunika kikombe chake na sahani. "Sasa nijibu. Sura ya mtu inaweza kuibiwa?"

"Inaweza."

"Na lebo inakosea?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningesema tu, "Dada, hiyo lebo ni yangu, na sina uhakika nayo." Maneno yasiyofika kumi. Badala yake nikafikiria tisini na moja ikiwa themanini na tisa.

"Lebo haiwekwi ovyo," nilisema.

"Basi leo tunapandisha vyerehani."

Akabeba mkoba wake. Shemeji akasema, "Haya," na hilo ndilo lilikuwa neno lake la asubuhi ile.

Saa nne rufaa ya Mama Funguo ikatokea kwenye meza yangu. Kwa utaratibu, rufaa haisomwi na aliyebandika. Lakini mwenzangu wa rufaa alikuwa anaumwa, foleni yake yote ikamwagwa kwangu.

Aliandika hivi: "Mimi ni mtu. Uso wangu umepooza. Naomba mtu aje aangalie ngazi."

Nikisema wale waliokaa karibu nami walinikodolea macho, nitakuwa natia chumvi, maana hakuna aliyenitazama. Nilikaa na sentensi zile tatu peke yangu. Nilijua ni jengo la dada. Nilijua uso ni wa kweli. Kilichobaki cha kutilia shaka kilikuwa ufa, na ule ufa niliushikilia kwa mikono miwili. Nilijiambia labda uso ni wa kweli na ufa ndio wa kutengenezwa. Nilijiambia mwenye jengo hawezi kuwapandisha watu kwenye kifo. Nilijiambia mengi. Halafu nikabonyeza IMEKATALIWA.

Saa sita kasoro robo shemeji akapiga simu. Alizungumza sentensi nzima kwa mara ya kwanza tangu nihamie kwake, na nisingependa kuirudia.

Hakufa mtu. Mafundi wawili walivunjika mikono. Dada alivunjika paja na nyonga, na daktari akasema kutembea itakuwa safari ya miezi.

Ijumaa Bwana Asilimia aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Kuna baraza la usuluhishi Jumatatu," alisema. "Mwenye jengo anamshitaki yule mfagizi. Anasema pasingekuwa na video ya uongo, mafundi wasingeshusha na kupandisha mizigo, na ngazi zingekuwa zimesimama mpaka leo. Baraza linatutaka tueleze lebo iliwekwaje."

"Na tunaelezaje?"

Alisukuma karatasi. Ilisema lebo ya video ile iliwekwa na mfumo wa kompyuta wenyewe, bila mkono wa mfanyakazi yeyote.

"Mashine haishitakiwi, Mwalimu. Wewe unashitakiwa. Nakufichia."

Niliomba nikatafakari. Nikatoka hapo moja kwa moja hadi hospitali.

Dada alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa. Shemeji alikuwa ameenda kuwachukua watoto shule. Nilivuta kiti nikakaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Una nini wewe? Unanitia kizunguzungu."

"Lebo niliiweka mimi."

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama anayekohoa, tukamsubiri amalize.

"Siku ya chai ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikuambia uso umepooza."

"Uliniambia."

"Naomba maji."

Nilimshikia kikombe. Alikunywa yote, akapangusa mdomo kwa shuka. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa tayari hata kupigwa na kile kikombe. Nilimweleza na habari ya rufaa, na ya karatasi ya Bwana Asilimia, harakaharaka, nisije nikapoteza ujasiri.

"Saini," alisema.

"Dada?"

"Saini hiyo karatasi. Mimi niko kitandani, mume wangu kazi zinakuja siku moja moja. Na wewe ukimwaga unga, nyumba ile atabaki amesimama nani?"

"Na Mama Funguo?"

"Mama Funguo si ndugu yangu." Akageuza uso, kisha akaurudisha. "Usiniangalie hivyo. Wiki hii nina haki ya kuwa mtu mbaya."

Nikamshika mkono. Hakuutoa, lakini vidole vyake havikunishika.

"Na mume wangu asijue," alisema. "Akijua atakutoa nyumbani kwake. Na mimi sitakutetea, mdogo wangu. Siyo kwamba nitashindwa. Sitataka."

Alasiri ile ile nikarudi ofisini. Bwana Asilimia alinipa karatasi mbili, moja juu ya nyingine, ya chini imejitokeza mkiani tu, penye mstari wa saini.

"Ya pili nakala," alisema.

Miaka sita niliwaambia wanafunzi wangu wasome swali mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu. Nilisaini zote mbili nikiwa nimesimama. Akaniomba na kitambulisho cha kazi, akasema kinakwenda kubadilishwa, vitambulisho vyote vinabadilishwa. Nikampa.

Jumatatu asubuhi chumba cha baraza kilikuwa kimejaa. Mabenchi manne, meza moja, feni imesimama. Mafundi wawili wenye mikono iliyofungwa walikaa mbele. Shemeji alikaa nyuma yao kwa niaba ya mkewe, kofia magotini. Mimi nilijibanza karibu na mlango. Nilimwambia nimeomba ruhusa kazini ili nimsindikize, na aliniamini.

Mama Funguo alikuja peke yake. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Lile jicho lisilopepesa lilikuwa linatoa machozi muda wote, naye alikuwa analifuta kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri, kama mtu anayefuta kioo. Nilitaka kutoka. Mlango ulikuwa mgongoni kwangu kabisa, sikuhitaji hata kugeuka.

Mwenyekiti wa baraza, mwanamke aliyewahi kuwa nesi, alisoma barua ya ofisi yetu kwa sauti. Bila mkono wa mfanyakazi yeyote.

"Mnasikia," alisema mwenye jengo. "Mashine. Mashine haina ugomvi na mtu. Ilimtazama huyu mama ikasema ni uongo. Mimi ningefanya nini zaidi?"

"Mama, unasemaje?" Mwenyekiti aliuliza.

Mama Funguo alisimama. Alizungumza polepole, na kila mtu ilibidi amsubiri.

"Mimi niliandika Jumatano kulalamika. Nikajibiwa. Naomba lisomwe jibu."

Simu ikapelekwa mezani. Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma: "Ombi lako limekataliwa. Pole mama, acha kutisha watu wanaotafuta riziki."

Hapa kuna jingine ambalo sikuwaambia. Sentensi ya kwanza ni ya mfumo, imeandikwa siku zote, inakuja yenyewe. Ya pili niliiongeza mimi kwa vidole vyangu. Nilikuwa na hasira naye. Mwanamke sijawahi kukutana naye, ananiomba mtu aangalie ngazi, na mimi nikamkasirikia kwa kunifanya nijue.

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Asilimia, aliyekaa karibu na meza na faili lake.

"Hii mashine yenu ndiyo inatoa pole?"

"Mfumo umefundishwa lugha ya adabu," alijibu. "Majibu yetu kwa asilimia tisini na tisa..."

"Mbona wenzangu waliojibiwa hawakupewa pole?" Mama Funguo alimkatiza. "Nimewauliza watu saba waliokataliwa. Wote wana mstari mmoja. Mimi tu nina miwili. Kuna mtu aliniandikia mimi." Alifuta jicho. "Sina shida naye. Nataka tu aseme kwamba alinisoma."

Mmoja wa mafundi alikuwa anajikuna ndani ya plasta ya mkono kwa kijiti.

Sijui niwaambie nini kilinisimamisha. Sikupiga moyo konde, wala sikufikiria dada. Nadhani magoti yalichoka kukaa mkao wa kukimbia.

"Maneno hayo ni yangu," nilisema.

Vichwa vyote vikageuka. Kofia ya shemeji ilidondoka sakafuni, hakuiokota.

"Wewe ni nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nafanya kazi kwenye ofisi hiyo. Lebo niliiweka mimi, rufaa niliikataa mimi. Mashine haikuhusika."

Nilitegemea Bwana Asilimia angehamaki. Alifungua faili lake taratibu, akatoa karatasi, akaiweka mezani kwa ncha za vidole.

"Mwenyekiti, huyu mwanamke aliwahi kufanya kazi kwetu. Aliacha. Barua yake ya kuacha kazi ni ya tarehe tatu. Video ilifika kwetu tarehe kumi na moja. Saini ni yake, mwulize. Ameondoka na kinyongo, namwonea huruma."

Karatasi ya pili. Ile niliyoambiwa nakala.

Mwenyekiti aliniita mezani. Nikaona jina langu, nikaona saini yangu, yenye kile kimkia ninachokipenda, na juu yake tarehe ambayo siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nabandika lebo mpaka saa kumi.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu. Lakini nilisaini Ijumaa iliyopita."

"Una kitambulisho cha kazi?"

"Walikichukua."

"Mkataba?"

Sikuwahi kupewa. Nilitikisa kichwa. Mwenye jengo akacheka kidogo puani. Mama Funguo hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepewa kitu na kunyang'anywa kabla hajakishika.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Chumba hiki kimejaa watu," alisema. "Kuna yeyote anayeweza kuniambia huyu dada alikuwa anaenda wapi kila asubuhi, kuanzia tarehe tatu mpaka juzi?"

Mtu huyo alikuwepo mmoja tu. Alikuwa ananiona nikitoka saa moja na nusu, kitambulisho shingoni. Mara mbili alinipakia kwenye pikipiki yake ya kazi mpaka chini ya lile duka la makochi, mabomba yakinigonga magotini.

Shemeji alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Namjua," alisema. "Anakaa nyumbani kwangu. Analala chumba kimoja na wanangu."

"Basi tuambie."

"Nitasema ninachokijua chote, Mwenyekiti. Lakini kwanza kuna swali moja, na anijibu yeye, hapa hapa, mbele ya watu." Alinigeukia. Mtu yule wa maneno machache alikuwa anayatafuta moja moja. "Tangu Ijumaa nikimtaja huyu mbele ya mke wangu, mke wangu anageukia ukutani. Nilidhani ni maumivu ya mguu. Shemeji, niambie ukweli. Mke wangu amelijua hili tangu lini?"

Bwana Asilimia alianza kufunga faili lake. Mwenyekiti alishika kalamu.

Nikikaa kimya, shemeji naye anakaa, na Mama Funguo anatoka pale kama mwongo. Nikijibu, nyumba ya dada yangu nimeibomoa kwa mdomo wangu, naye yuko hospitali amening'inizwa mguu, hawezi hata kuja kunizuia.

"Shemeji," nilianza.

Akainua mkono. "Siku tu. Nitajie siku."